Sura ya Nne: Mbona Abiria wa Basi Lile Hawakuugua?

Swali hili bado linaulizwa Goma, kwenye foleni za maji, saluni, na kwa wamotari wanaongoja abiria mtaani Birere. Julai 2019 mtu mwenye Ebola alipanda basi Butembo akasafiri hadi Goma, safari ya takriban kilomita 300, pamoja na abiria wengine 18 na dereva. Ikiwa ugonjwa huu unaua namna inavyosemwa, mbona hakuna hata mmoja wa abiria wale aliyeugua? Na kuna wanaoongeza swali la pili kwa sauti ya chini: huenda basi haikuwa Ebola?

Ilikuwa Ebola. Maabara ilithibitisha, na mgonjwa alifariki. Lakini swali la kwanza ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu anayelielewa jibu lake ameuelewa ugonjwa wenyewe: unavyosafiri, unamfuata nani, unamwacha nani, na mtu wa kawaida wa Majengo au Ndosho anaweza kufanya nini ili usiingie nyumbani kwake.

## Jumapili ya tarehe 14 Julai

Mgonjwa alikuwa mchungaji. Alikuwa amekwenda Butembo kuhubiri, na huko alikuwa akiwawekea mikono waumini, wagonjwa wakiwamo. Dalili zilimwanza tarehe 9 Julai. Muuguzi akamhudumia nyumbani alikofikia, na Ijumaa iliyofuata akaanza safari ya kurudi kusini.

Basi lilipita kwenye vituo vya ukaguzi ambako abiria walishuka, wakanawa mikono kwa maji yenye klorini na kupimwa joto. Hakugunduliwa. Jumapili asubuhi alifika Goma, na siku hiyohiyo akaenda kituo cha afya. Hapo ndipo mambo yalipochukua mkondo mwingine. Wahudumu wa kituo kile walimtazama, wakasikia anatoka Butembo, wakashuku, wakatoa taarifa. Kabla jua halijazama alikuwa amekwishahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola na jibu la maabara limetoka. Kesho yake aliwekwa kwenye gari la wagonjwa kurudishwa Butembo kwa matibabu. Alifia njiani.

Goma ni mji wa watu kati ya milioni 1 na 2. Una uwanja wa ndege, bandari ya Ziwa Kivu, na mpaka unaogusana na Gisenyi ya Rwanda, ambako maelfu huvuka kila siku wakibeba nyanya, unga na maziwa. Mlipuko ulikuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kugunduliwa Mangina, magharibi ya mji wa Beni, na karibu mwaka mzima kila aliyeufuatilia alikuwa akiogopa siku ambayo ungefika Goma. Siku tatu baada ya mchungaji kugunduliwa, tarehe 17 Julai, Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, lilitangaza kwamba mlipuko huo sasa ni dharura ya afya inayohusu ulimwengu mzima.

Abiria wote na dereva walitafutwa. Walichanjwa, wakafuatiliwa siku 21. Hakuna aliyeugua.

## Kirusi kinachohitaji mlango

Kirusi ni chembe ndogo mno, isiyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, ambayo haiwezi kuzaliana yenyewe. Lazima iingie ndani ya chembe hai za mwili na kuzitumia kutengeneza nakala zake. Kirusi cha mafua hutoka na pumzi na chafya, kikaelea hewani, kikaingia puani mwa jirani. Kirusi cha Ebola hakifanyi hivyo. Kimo ndani ya majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, mkojo, mate, jasho, maziwa ya mama, shahawa. Ili kimwingie mtu mwingine lazima majimaji hayo yamguse mahali penye mlango: jicho, mdomo, pua, mchubuko kwenye kidole, au tundu la sindano.

La pili ni muda. Tangu kirusi kiingie mwilini hadi dalili zianze hupita siku 2 mpaka 21, na katika siku hizo mtu haambukizi wengine. Akianza kuumwa, virusi huwa bado si vingi katika damu. Vinaongezeka kadiri ugonjwa unavyozidi. Mgonjwa anayetapika na kuharisha mfululizo ni hatari kwa anayemsafisha kuliko alivyokuwa siku ya kwanza ya homa, na maiti yake ni hatari kuliko yote, kwa sababu wakati wa kufa virusi huwa vimejaa kila mahali, mpaka kwenye ngozi.

Sasa abiria wa basi. Walikaa karibu na mgonjwa, lakini kukaa karibu si kuyagusa majimaji ya mwili wake. Hawakumwogesha, hawakufua nguo zake, hawakumlisha kwa mikono. Na kabla ya wakati wa kuugua kufika, chanjo ilikuwa imeshawafikia. Bahati nayo ilikuwepo, haifai kuificha. Mgonjwa angekuwa katika hali mbaya zaidi barabarani, hadithi ingeweza kuwa nyingine.

Kwa ufupi:

- Ebola haisambai kwa hewa; husambaa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, au vitu vilivyochafuliwa nayo.
- Asiye na dalili hamwambukizi mtu kwa kusalimiana naye au kukaa naye.
- Hatari hukua kadiri mgonjwa anavyozidiwa, na hufika kileleni anapofariki.

## Homa kama homa nyingine

Picha iliyo vichwani mwa wengi ni ya mtu anayetokwa damu machoni. Picha hiyo imeua watu. Wagonjwa wengi wa Ebola hawatokwi damu inayoonekana, na kutokwa damu, kunapotokea, huja siku za mwisho. Mwanzo ni homa ya ghafla, uchovu mkali, maumivu ya kichwa, misuli na koo. Kisha hufuata kutapika, kuharisha, tumbo kuuma. Mama yeyote wa Goma ameshaona hayo kwa mtoto wake mara nyingi, na mara nyingi yalikuwa malaria au homa ya matumbo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Familia inayosubiri damu ionekane ndipo iamini kuwa ni Ebola hukaa na mgonjwa nyumbani kwa siku zilezile ambazo anaambukiza zaidi. Na muuguzi anayeona homa kwanza hufikiria malaria, kwa sababu mara nyingi ni malaria kweli. Ndiyo maana Novemba 2018, katikati ya mlipuko, iliendeshwa kampeni ya malaria mjini Beni ikilenga kuwafikia watu hadi 450,000 kwa dawa na vyandarua. Wanaosikia jambo hilo hushangaa: Ebola inaua, nyinyi mnagawa vyandarua? Lakini kila homa ya malaria iliyozuilika ilikuwa mtu mmoja pungufu kwenye foleni ambamo mgonjwa wa Ebola angeweza kuwa amejificha.

Kinachotenganisha homa na homa si kipimajoto peke yake. Ni maswali ambayo wahudumu wa Goma walijifunza kuuliza kabla hawajamgusa mtu: "Mama, homa ilianza lini? Umetoka wapi? Kuna mgonjwa uliyemuuguza? Kuna msiba uliokwenda?" Mchungaji alivuka vipimajoto vya barabarani. Alikamatwa na maswali.

## Ugonjwa unaofuata mkono unaohudumia

Watu huiona Ebola kama ugonjwa wa umati: soko, kanisa, basi. Kumbukumbu za karibu miaka 50 zinaonyesha jambo jingine. Ebola huwafuata wanaohudumia. Humfuata mama anayemfuta mtoto matapishi, shangazi anayemwosha marehemu, muuguzi anayetafuta mshipa. Huo ndio ukatili wake: hupita palepale ambapo upendo na wajibu hupita.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1976, kwenye hospitali ya misheni ya Yambuku kaskazini mwa Kongo, iliyokuwa Zaire wakati huo, kliniki ya wagonjwa wa nje ilikuwa ikipewa sindano tano kila asubuhi, nazo zilitumika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine bila kuchemshwa ipasavyo. Wajawazito waliokuja kliniki waliondoka na kirusi. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Miongoni mwa madaktari wa kwanza kufika alikuwa kijana Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, aliyewapima wagonjwa na kuwatoa damu kwa mikono mitupu. Aliokoka. Miaka 43 baadaye, Julai 2019, Rais Félix Tshisekedi alimkabidhi profesa huyohuyo uongozi wa mapambano ya mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri. Ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola, ulio mbali kidogo na Yambuku, ili watu wa kijiji kile wasibebe aibu ya jina hilo milele.

Mwaka 2000 ikawa zamu ya Gulu, Uganda, watu 425 wakaugua na 224 kufa. Dk. Matthew Lukwiya, mkuu wa Hospitali ya Lacor, ndiye aliyeutambua ugonjwa mapema na kuwakusanya wauguzi wake wasikimbie. Alifariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Na Beni, mwaka 2018, sindano zilirudi. Mjini humo kuna vituo vidogo vya watu binafsi vinavyochanganya dawa za kienyeji na za hospitali, ambavyo watu huviita "tradimoderni". Mzazi huvipenda kwa sababu viko karibu, mganga anamfahamu, na malipo hujadiliwa. Watoto waliopelekwa huko kwa malaria walirudi na Ebola, kwa sindano iliyotumika tena au kitanda ambacho hakikusafishwa. Ni rahisi kuwalaumu wamiliki wa vituo hivyo. Haki ni kuuliza kwanza: nani aliwahi kuwapelekea glavu, maji na mafunzo kabla ya mlipuko?

## Nyumba ya pili ya Goma

Kisa cha mchungaji kilikwisha vizuri kwa mji, ingawa si kwake. Cha pili kilikuwa kigumu zaidi, na kinafundisha zaidi.

Mwanamume aliyekuwa akichimba dhahabu Mongbwalu, mkoani Ituri, alirudi nyumbani kwake Goma katikati ya Julai 2019. Dalili zilianza siku kadhaa baadaye. Tofauti na mchungaji, huyu aliuguzwa nyumbani kwake Goma, akapelekwa kituo cha afya, na zaidi ya juma likapita kabla hajafikishwa kituo cha Ebola tarehe 30 Julai. Kesho yake alifariki. Muda huo wote kulikuwa na mke anayemhudumia na watoto wanaomzunguka. Mkewe na mtoto wao mdogo wakathibitishwa kuwa na Ebola. Tarehe 1 Agosti Rwanda ikafunga mpaka kwa saa kadhaa, na wafanyabiashara wa Birere wakabaki na mizigo yao upande huu na upande ule.

Visa viwili, mji mmoja, mwezi mmoja. Basi zima la wageni: hakuna aliyeambukizwa. Nyumba moja yenye watu wanaopendana: wawili. Hakuna mfano unaoeleza Ebola kwa uwazi kuliko huu.

Mke na mtoto walipona. Walitoka kituoni Agosti hiyohiyo, mbele ya kamera, ili mji uone kwamba mtu huingia kituo cha Ebola na kutoka akitembea. Goma haikuanguka. Kwa waliouogopa mlipuko huu kuingia mjini, hayo ni mafanikio makubwa, na wanaostahili sifa ni wengi ambao majina yao hayatajulikana.

## Imani iliyokosekana Butembo

Mbona basi Beni na Butembo ziliumia vile? Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287, sehemu kubwa sana wakiwa Kivu Kaskazini. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya Ebola, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 ulioua zaidi ya watu 11,000.

Virusi ni vilevile. Kilichotofautiana ni historia. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku tangu Oktoba 2014, na kwa miaka minne misafara ya magari haikuja kuwaokoa. Ebola ilipoingia, magari yakaja, mengi, mapya, na fedha nyingi. Kisha Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, wakati rais wa nchi angechaguliwa tarehe 30 Desemba. Kura zao hazingehesabika. Siku moja baada ya uamuzi huo waandamanaji walishambulia kituo cha Ebola mjini Beni. Mtu aliyekuwa anajiuliza kama ugonjwa huu ni siasa na biashara ya wakubwa hakuhitaji ushahidi mwingine.

Mwaka huohuo wa 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Wazazi waliliona hilo. Waliuliza kwa nini mtoto wa surua hana gari wala hema jeupe. Lilikuwa swali la haki, na majibu waliyopewa mara nyingi yalikuwa mihadhara juu ya Ebola.

Hasira ikageuka moto. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo. Kila baada ya shambulio kazi ilisimama, na wagonjwa wapya wakaongezeka.

Uvumi haukuvunjwa na mabango. Palipofanikiwa, ulivunjwa na mambo ya kuonekana. Shirika la ALIMA lilileta chumba chenye kuta za plastiki angavu, ambamo ndugu anamwona mgonjwa wake, anazungumza naye, anaona anapewa dawa gani. Maziko yalibadilishwa: jamaa wakaruhusiwa kuwepo, kusali, kuchagua jeneza, kulifuata hadi kaburini, huku timu ya Msalaba Mwekundu yenye mavazi ya kinga ikiushika mwili peke yake. Na waliopona wakawa wahudumu. Kwa kuwa miili yao imeshajenga kinga, waliweza kuwabeba watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kuwalisha na kuwabembeleza bila hofu. Mtoto wa miezi sita hahitaji dawa tu, anahitaji kupakatwa.

## Chanjo na dawa

Wazima moto wa porini hawamwagii maji msitu mzima. Hufyeka majani kuuzunguka moto. Ndivyo chanjo ya Ebola ilivyotumika. Anapothibitishwa mgonjwa mmoja, huorodheshwa wote waliotangamana naye, kisha wote waliotangamana na hao, pamoja na wahudumu wa afya wa eneo hilo, nao huchanjwa. Chanjo hiyo, Ervebo, hutolewa dozi moja. Ilijaribiwa Guinea mwaka 2015, na katika mlipuko wa Kivu Kaskazini walichanjwa zaidi ya watu 300,000. Haina Ebola ndani yake: ni kirusi kingine kilichodhoofishwa, kilichovishwa kipande cha gamba la kirusi cha Ebola ili mwili ujifunze kukitambua. Huchukua takriban siku 10 mwili ujenge kinga, ndiyo maana kuchelewa kutaja majina ya waliotangamana na mgonjwa ni kuchelewesha uhai wa mtu.

Jambo moja halifai kupita kimya. Mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje ya chanjo, kwa tahadhari ya kitabibu, ilhali wao ndio wahudumu wakuu wa wagonjwa majumbani. Waliruhusiwa mwaka 2019, baada ya wengi kusubiri mno.

Chanjo ya pili, ya kampuni ya Johnson & Johnson, yenye dozi mbili zinazopishana siku 56, ilianza kutolewa Goma tarehe 14 Novemba 2019, katika mitaa ya Majengo na Kahembe. Hiyo haikuzunguka mgonjwa. Ililenga kuukinga mji kabla ya wakati.

Upande wa dawa, hadi 2018 hakukuwa na tiba yoyote iliyothibitishwa. Novemba mwaka huo ulianza utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ukilinganisha dawa nne kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019, wakati mama na mtoto wale wa Goma wakitoka kituoni, matokeo yalitangazwa: dawa mbili zilizidi nyingine waziwazi. Zote mbili ni kingamwili, yaani chembe za ulinzi ambazo mwili hutengeneza kukabili maradhi, safari hii zikitengenezwa maabara. Moja kati yake, inayoitwa sasa Ebanga, chanzo chake ni damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit mwaka 1995. Kwa jumla, kati ya waliopewa dawa hizo mbili walikufa takriban 34 katika kila 100. Lakini kati ya waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache damuni, walikufa takriban 10 katika kila 100. Dawa ni zilezile. Kilichobadilika ni siku ya kufika.

## Mambo ya kushika nyumbani

Wakati mlipuko umetangazwa mkoani au nchi jirani:

- Nawa mikono kwa sabuni na maji. Gamba la kirusi cha Ebola ni la mafuta, na sabuni hulivunja. Pasipo sabuni, tumia maji ya klorini hafifu, asilimia 0.05; ile ya kusafishia sakafu na vitanda huwa kali mara kumi.
- Mtu wa nyumbani akipata homa na alimuuguza mgonjwa, alikwenda msibani au alitoka eneo la mlipuko, piga simu au toa taarifa kituo cha afya siku ya kwanza. Mtengee chumba na vyombo vyake, na awepo mtu mmoja tu wa kumhudumia.
- Usiguse matapishi, kinyesi wala nguo zake kwa mikono mitupu.
- Kituoni, dai sindano mpya ifunguliwe mbele yako. Ni haki yako, na muuguzi mzuri hataudhika.
- Usioshe wala kugusa maiti ya mtu aliyekufa kwa homa isiyojulikana. Ita timu ya maziko, na ukae nao mpaka mwisho.
- Usiokote mnyama aliyekutwa amekufa porini, wala usile popo au nyani. Popo wala-matunda ndio wanaodhaniwa kuwa makazi ya kirusi hiki.
- Ukiorodheshwa kuwa ulitangamana na mgonjwa, usihame. Anayekuja kila siku kukupima kwa siku 21 ndiye atakayekuwahisha kwenye dawa.

## Je, inaweza kurudi?

Imesharudi. Februari 2021 mwanamke mmoja alifia Butembo. Mumewe alikuwa amepona Ebola katika mlipuko uliotangulia. Watu 12 waliugua, 6 wakafa, na kufikia Mei ikazimwa. Oktoba mwaka huohuo ikaonekana Beni, na Agosti 2022 ikaonekana tena hapohapo. Kirusi kinaweza kujificha katika sehemu za mwili ambazo kinga haifiki kirahisi, zikiwamo korodani na ndani ya jicho, kwa miezi na mara chache kwa miaka. Wanaume waliopona hushauriwa kupimwa shahawa na kutumia kondomu mpaka vipimo viwili vionyeshe hakuna virusi. Huduma hiyo hufanikiwa tu pale aliyepona anapopokelewa kama jirani. Anayefukuzwa nyumba ya kupanga, ambaye mkewe hapewi tena nafasi sokoni, haendi kupimwa. Anahama, na hasemi alikotoka.

Pia si kila Ebola huzuiwa na chanjo hii. Ervebo inakinga aina moja, ile ya Yambuku na ya Kivu. Mwaka 2022 aina ya Sudan ilizuka Mubende, Uganda, ikaua watu 55 miongoni mwa waliothibitishwa, bila chanjo iliyoidhinishwa. Wauguzi wa Mubende walibaki na silaha za zamani: glavu, klorini, kufuatilia waliotangamana, maziko salama.

Goma yenyewe ilipata maabara ya kudumu Februari 2021, tawi la taasisi ya utafiti ya INRB anayoiongoza Muyembe, inayoweza kupima Ebola na hata kusoma chembe za urithi za kirusi ili kujua kimetoka kwa mnyama au kwa mtu aliyepona. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari hadharani kwamba maabara hiyo inahifadhi sampuli za virusi, Ebola ikiwamo, na kwamba umeme wake ukikatika au jengo likipigwa, hatari haitachagua upande.

Tarehe 4 Septemba 2025 Ebola ilitangazwa tena nchini, safari hii Bulape, mkoani Kasai, mbali na Kivu. Wahudumu wa afya waliomhudumia mgonjwa wa mwanzo walikuwa miongoni mwa waliotangulia kufa. Chanjo ilifika, kingamwili zikafika, na tarehe 1 Desemba mlipuko ukatangazwa kwisha baada ya watu 64 kuugua na 45 kufariki. Ni vifo vingi kwa idadi ndogo ya wagonjwa, na sababu inajulikana: Bulape hakukuwa na mtu aliyetegemea kuiona Ebola mwezi Agosti, na mgonjwa wa kwanza alilazwa wodini, pamoja na wengine, mikononi mwa wauguzi ambao hawakujua wanachokigusa.